Pembetatu isiyonyamaza: je, Hans Rott alimwibia Mahler?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi naimba besi kwenye kwaya ya kanisa hapa Mwanza, na kwa miaka miwili sasa nasikiliza muziki wa okestra kwa simu. Nilianza na simfonia ya kwanza ya Gustav Mahler, nikaipenda mno. Mwezi uliopita ilipomalizika, simu ikaendelea yenyewe na simfonia ya mtu anaitwa Hans Rott, ambaye sijawahi kumsikia. Mwanzo nilifurahi, baadaye nikakasirika. Kuna mahali nilihisi kabisa kwamba huyu kamwibia Mahler, nota kwa nota. Halafu kuna kitu kinalia ting-ting-ting juu ya okestra nzima, hakinyamazi, mpaka nikadhani hedifoni zangu zimekufa. Nasikiliza kwenye daladala nikitoka kazini, na siku hizi nikizima simu bado nasikia kama mluzi masikioni mpaka napata usingizi. Nimesoma pia kwamba Rott alichanganyikiwa kwa sababu Brahms alimtukana, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili. Sasa sielewi: watu wanausifu muziki huu kwa kumwonea huruma tu? Na kama nina hela ya diski moja, ninunue ipi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja na yote yana majibu, ila sitafuata mpangilio wako. Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupitia tu, ule mluzi unaobaki masikioni. Simfonia itakungoja. Sikio halingoji.

Huenda hedifoni zako ni nzima kabisa, na Rott hana hatia yoyote hapo. Mluzi unaousikia baada ya kuzima simu mara nyingi huanza na sikio lenyewe kuumia. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno, kazi yake kupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa kwa muda mrefu, seli hizo huchoka. Zikichoshwa kila siku hufa, na zikifa hazioti tena. Mluzi ni dalili kwamba zimelemewa.

Sasa tazama jinsi daladala na simfonia vinavyoshirikiana kukuumiza. Nyimbo nyingi za redioni husawazishwa studio, sauti ikawa juu kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Okestra hairekodiwi hivyo. Simfonia ya Rott inaanza kwa tarumbeta moja, inaimba taratibu juu ya vyombo vya nyuzi vinavyonong'ona. Kwenye daladala injini inanguruma, konda anaita vituo, husikii kitu, kwa hiyo unaongeza sauti. Dakika chache baadaye okestra nzima inafunguka, tromboni na timpani, yaani ngoma kubwa, na kila kitu, na wewe hujapunguza. Kiwango ulichokiweka ili usikie mnong'ono sasa kinabeba radi. Mahler naye yuko hivyo hivyo. Simfonia yake ya kwanza inaanza kwa nyuzi zinazosikika kwa shida. Kwa hiyo umekuwa ukijiumiza kwa watunzi wote wawili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwenye simu asipite asilimia 60 ya sauti yote. Mimi nitakwenda mbele zaidi: acha kabisa kusikiliza simfonia kwenye daladala. Pumzisha masikio wiki nzima. Mluzi ukiendelea baada ya hapo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akupime. Na kama unasikika sikio moja tu, au unapata kizunguzungu, usisubiri wiki iishe. Ukiona usikivu umeshuka ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu tatizo hilo hutibika vizuri zaidi likiwahiwa. Hapa ndipo uwezo wangu unapoishia. Mimi ni mwalimu wa muziki, siwezi kuchungulia sikio lako kupitia barua.

Haya, turudi kwa Rott na Mahler, huko Vienna, mji mkuu wa Austria.

Ulihisi kwamba Rott kamwibia Mahler. Sikio lako limesikia sawasawa, ila limepanga miaka kinyume. Hans Rott alizaliwa Vienna mwaka 1858, Mahler alizaliwa 1860. Walisoma pamoja chuo cha muziki cha Vienna, wote wawili wakifundishwa utunzi na Franz Krenn. Sehemu ya kwanza ya simfonia yake Rott aliipeleka kwenye mashindano ya chuo mwaka 1878, na simfonia nzima ikakamilika 1880. Simfonia ya kwanza ya Mahler ilisikika mara ya kwanza Budapest mwaka 1889. Wakati huo Rott alikuwa na miaka mitano kaburini. Hakuna namna angeweza kuchukua chochote kutoka kwenye muziki ambao haukuwa umeandikwa.

Nadhani najua mahali palipokukasirisha. Ni sehemu ya tatu, ile inayoanza kwa kishindo cha pembe na kuingia kwenye ngoma ya mapigo matatu, nzito, ya kukanyaga, kama wanavijiji wa milimani Austria wanavyocheza na viatu vyao vizito. Sikiliza baada yake sehemu ya pili ya simfonia ya kwanza ya Mahler, uone miguu ile ile inavyokanyaga. Kisha, ukiwa na nafasi, sikiliza sehemu ya tatu ya simfonia yake ya pili, uone jinsi okestra inavyozunguka na kuzunguka mpaka inapasuka. Utamsikia Rott tena.

Je, basi mwizi ni Mahler? Hapana, na ningependa ulitoe kabisa neno hilo katika mazungumzo haya. Mahler hakumficha rafiki yake. Mwaka 1900, akiwa na jina kubwa Vienna, alimwambia rafiki yake Natalie Bauer-Lechner kwamba hasara iliyoupata muziki kwa kumpoteza Rott haipimiki, na kwamba huyu ndiye mwanzilishi wa simfonia mpya kama yeye Mahler alivyoielewa. Alikuwa ameazima nota za simfonia hiyo kwa nia ya kuangalia kama ataipiga. Hakuipiga. Kwa hilo namlaumu, nasema wazi. Alikuwa mkurugenzi wa opera ya Vienna na kiongozi wa okestra ya Vienna Philharmonic, na hakuna mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko yeye.

Lakini kupokea sauti ya mwenzako na kuiendeleza ni jambo la kawaida kwa watunzi, na sisi waswahili tunalijua kwenye ushairi. Kwenye malumbano mshairi huchukua bahari ya mwenzake, akashika vina vile vile, akamjibu ubeti kwa ubeti. Hakuna anayemwita mwizi. Tunatazama amejibu nini. Rott mwenyewe alikuwa akijibu watu. Alimpenda Wagner, mtunzi wa opera, na mwalimu wake wa kinanda cha kanisani alikuwa Anton Bruckner, na wote wawili unawasikia. Kwenye sehemu ya mwisho kuna wimbo mpana wa vyombo vya nyuzi unaofanana waziwazi na ule wa mwisho wa simfonia ya kwanza ya Johannes Brahms, mtunzi mwenye jina kubwa Vienna wakati huo, ya mwaka 1876. Na wimbo huo wa Brahms nao unafanana na wa simfonia ya tisa ya Beethoven. Inasimuliwa kwamba Brahms alipoambiwa hivyo alijibu kwamba hata punda anaona. Beethoven akasema, Brahms akajibu, Rott akaitikia, Mahler akaendeleza. Ukiusikiliza hivyo, hasira itageuka kuwa udadisi.

Sasa ile ting-ting-ting. Nilipoisikia simfonia hii mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nami nilikunja uso palepale ulipokunja wewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kinacholia ni chombo kinachoitwa kwa umbo lake, pembetatu. Ni fimbo nyembamba ya chuma iliyokunjwa mara mbili, pembe moja ikaachwa wazi, ikaning'inizwa kwa uzi ili itikisike bila kuzuiwa. Mpigaji akitaka mlio mmoja huigonga mara moja. Akitaka ilie mfululizo, huingiza kijiti cha chuma ndani ya moja ya pembe zilizofungwa akakipeleka huku na huku kwa kasi. Rott anataka mlio huo wa pili, na anautaka kurasa kwa kurasa, kila okestra inapopanda.

Kwa nini mtu mmoja mwenye kijiti awafunike wenzake themanini? Wewe unaimba besi, kwa hiyo utanielewa. Unapoimba nota moja, koo lako linatoa nota ya msingi, na juu yake nota nyingine hafifu zilizopangika vizuri: mara mbili ya mtikisiko wa kwanza, mara tatu, mara nne. Sikio linazikusanya zote na kusema, hii ni nota moja. Pembetatu haina mpangilio huo. Inatoa mitikisiko mingi ya juu sana isiyopatana, ndiyo maana huwezi kusema inalia 'do' au 'so'. Kwa sababu haina nota yake, haiwezi kujificha ndani ya nota za wengine. Tena nguvu yake nyingi ipo juu, na sikio la binadamu ni kali kuliko popote kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000 kwa sekunde na maeneo ya jirani. Hata ikipigwa kwa sauti ndogo utaisikia. Watunzi wenye uzoefu wanalijua hilo na hutumia pembetatu kama mpishi anavyotumia pilipili.

Simu nayo inachangia. Programu za kusikilizia muziki hupunguza ukubwa wa faili ili usimalize bando, na hupunguza kwa kutupa vipande vya sauti vinavyodhaniwa kwamba sikio halitavikosa. Mlio wa chuma, mwembamba na wa juu, ni miongoni mwa sauti ngumu kupunguzwa namna hiyo. Badala ya kumeremeta unachemka, kama maji kwenye sufuria yenye kifuniko. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uchague ubora wa juu, na kama unaweza, sikiliza kwa waya badala ya bluetooth. Pembetatu haitaondoka, ila itaacha kukukwaruza.

Swali lililo zito zaidi ni kwa nini aliandika hivyo. Wapo wanaosema ni dalili za ugonjwa wa akili. Silikubali hilo hata kidogo. Nota hizo ni kazi ya kijana mwenye akili timamu na mafunzo mazuri, na aliziandika kabla ya kuugua.

Maelezo yangu mimi ni mawili. La kwanza, Rott alikuwa mpiga kinanda cha kanisani, kile kikubwa cha mabomba. Alipiga kwenye kanisa la watawa wa Piarist pale Vienna, akaishi hapohapo kwenye nyumba yao. Kinanda hicho kina vishikio vya kuvuta. Ukivuta kimoja unafungua safu ya mabomba, na safu hiyo inabaki wazi mpaka uirudishe. Mpiga kinanda anayetaka ukuta wa sauti ung'ae anavuta kishikio cha mabomba madogo ya juu kabisa, anakiacha wazi mpaka kifungu kiishe. Naamini Rott aliwaza pembetatu namna hiyo, kama kishikio kilichovutwa. Kwenye kinanda, mwanga huo unachanganyika na mabomba mengine ndani ya kanisa lenye mwangwi. Kwenye okestra hauchanganyiki.

La pili ndilo la msingi, na ningependa ulibebe unaposikiliza kila kitu cha Rott. Hakuwahi kuisikia simfonia yake. Hata mara moja, hata dakika moja. Mahler alipoipiga simfonia yake ya kwanza Budapest ilikuwa na sehemu tano. Akaisikia, akaona watu walivyoipokea, akarekebisha, akaipiga tena kwingine, akarekebisha tena, na mwisho akaondoa sehemu nzima. Ile unayoipenda ni matokeo ya miaka ya mazoezi na marekebisho. Wewe ni mwanakwaya: unajua wimbo mpya unavyokuja Jumanne jioni na kasoro zake, sauti ya tatu ikiwa juu mno, sauti ya pili imegongana na ya kwanza, na mwalimu anachukua kalamu palepale. Jumapili wimbo umenyooka. Simfonia ya Rott haikupata Jumanne yake. Mazoezi mawili tu mbele ya okestra, na angeisikia pembetatu kama ulivyoisikia wewe, akafuta nusu.

Tuje kwenye habari ya Brahms, kwa sababu umeisoma nusu.

Mwaka 1878 Rott alipopeleka ile sehemu ya kwanza kwenye mashindano, wanafunzi wenzake walipata tuzo na yeye akarudi mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba waamuzi walicheka, na Bruckner akasimama kumtetea, akiwaambia wasicheke, watakuja kusikia makubwa kutoka kwa kijana huyu. Kufikia hapo Rott alikuwa yatima. Mama yake, mwimbaji na mwigizaji, alifariki 1872. Baba yake, mwigizaji wa vichekesho, aliumia jukwaani miaka miwili baadaye, akafariki 1876. Kijana wa miaka 17 akabaki akitafuta riziki kwa kupiga kinanda.

Mwaka 1880 simfonia ikakamilika. Akaipeleka kwa Hans Richter, kiongozi wa Vienna Philharmonic wakati huo, aliyempokea vizuri lakini hakuipiga. Alikwenda pia kwa Brahms, mwezi Septemba. Brahms akamwambia hana kipaji na aachane na muziki. Oktoba, akiwa kwenye treni kuelekea mji wa Mulhouse kuchukua kazi ya kuongoza kwaya, abiria mmoja alitaka kuwasha sigara. Rott akatoa bastola akimzuia, akisema Brahms amejaza baruti kwenye treni. Akarudishwa Vienna, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakutoka tena kuishi maisha ya kawaida. Alifariki Juni 1884, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25.

Maneno ya Brahms yalikuwa mabaya, sitayatetea. Lakini kusema kwamba ndiyo yaliyomchanganya ni kuurahisisha ugonjwa. Maradhi ya akili ya namna hiyo huwa na mizizi mirefu kuliko neno la mtu mmoja. Mara nyingi hofu ya mgonjwa huvaa sura ya kile kilichomuumiza karibuni, na kilichomuumiza Rott karibuni kilikuwa Brahms. Huyo alikuwa sura ya hofu. Chanzo chake hakuna anayeweza kukitaja kwa uhakika leo.

Wala si Brahms aliyeizima simfonia kwa miaka mia. Hilo lina sababu isiyosisimua kabisa, na ndiyo iliyowazima watunzi wengi. Ili okestra ipige, haitoshi kuwa na daftari la mtunzi. Kila mpigaji anahitaji karatasi zake peke yake, za fidla ya kwanza, za fidla ya pili, za obo, za tromboni, na kila ukurasa lazima ukaguliwe. Mwaka 1880 kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na ililipiwa. Mtunzi mwenye mchapishaji analipiwa. Mtunzi aliyekufa hana wa kumlipia. Mswada wa Rott ulihifadhiwa na rafiki, hatimaye ukaingia Maktaba ya Taifa ya Austria, ukakaa. Haukupotea, ulikosa mnakili tu. Najua makwaya kwetu ambayo mwalimu alifariki na madaftari yake ya do-re-mi yako kabatini hadi leo, kila mtu anayaheshimu na hakuna aliyekaa kuyanakili. Ni jambo lile lile.

Aliyekaa kunakili ni mtafiti Mwingereza, Paul Banks. Aliandaa nota kutokana na mswada huo, na Machi 1989 simfonia ikapigwa kwa mara ya kwanza duniani mjini Cincinnati, Marekani, na okestra ya wanafunzi wa chuo cha muziki, chini ya Gerhard Samuel. Wanafunzi! Tangu ilipoandikwa ilikuwa imepita miaka 109. Wakairekodi, kampuni ya Hyperion ikaitoa, na ghafla wapenzi wa Mahler duniani kote wakajikuta wanasikia Mahler kabla ya Mahler.

Kwa hiyo, ni huruma? Wapo wanaoisifu kwa huruma, sikatai. Habari ya treni inauza diski. Mimi nitakuambia ninachokisikia nikiisahau habari hiyo. Nasikia mwanzo ambao ningeutambua popote: tarumbeta ile moja inapanda kwa utulivu, haina haraka, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba moja baada ya jingine. Nasikia vyombo vya shaba vikiimba kama kwaya ya sauti nne, kwa namna ambayo mwimbaji kama wewe atajua mara moja kwamba aliyeandika alilelewa na nyimbo za kanisani. Sehemu ya tatu naiona ni ya ajabu kweli kwa kijana wa umri ule. Inarukaruka, inajikwaa makusudi, haijali adabu. Na nasikia sehemu ya mwisho iliyo ndefu mno. Inafika kileleni, inashuka, inapanda tena, inatangaza ushindi ambao imeshautangaza. Ina zaidi ya dakika ishirini, na ningefurahi zaidi kwa kumi na tano. Ila usikate kabla ya mwisho, maana ule wimbo wa tarumbeta wa mwanzo unarudi, na baada ya safari yote hiyo unabeba kitu kingine kabisa.

Kuhusu diski. Ile ya Cincinnati naipenda kwa sababu unasikia vijana wanaopiga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipiga. Wana hamu, na mara nyingine wanatetereka. Leif Segerstam na okestra ya Norrköping ya Sweden waliifuata miaka michache baadaye kwa kampuni ya BIS; hao hawana haraka, na kwa pembetatu yako nakushauri usianzie huko. Paavo Järvi na okestra ya redio ya Frankfurt wanaipeleka kwa wepesi zaidi, na wimbo wa mwisho hauchoshi sana mikononi mwao. Christopher Ward na okestra ya Gürzenich ya Cologne wamerekodi kwa Capriccio simfonia hii na kazi nyingine za okestra za Rott kwenye diski mbili, ikiwemo utangulizi wa Hamlet. Hizo uzitafute baadaye, ukishampenda.

Kwa diski moja tu, na kwa mtu aliyeingia kupitia simfonia ya kwanza ya Mahler, nunua ya Jakub Hrůša na Bamberger Symphoniker, iliyotolewa na Deutsche Grammophon mwaka 2022. Kwanza, kwa sikio langu uwiano wake ni mzuri. Pembetatu ipo, lakini imekaa ndani ya okestra na haikalii juu yake. Mwongoza okestra ana ruhusa ya kumwambia mpigaji apunguze, na mhandisi wa sauti anaamua vipaza sauti vikae wapi. Tofauti nyingi unazosikia kati ya diski hizi zinatoka hapo. Pili, diski hiyo ina kipande cha Mahler kinachoitwa Blumine. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuambia Mahler aliiondoa kwenye simfonia yake ya kwanza. Kuna pia kipande kinachohusishwa na Bruckner, ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ni chake. Kwa hiyo mwalimu, mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake wamekaa kwenye diski moja.

Na bila kutumia hela yoyote, tafuta siku ya sherehe ya kitaifa ukasimame karibu na bendi ya matarumbeta ya polisi au ya jeshi. Simama karibu, kisha rudi nyuma hatua hamsini, usikilize ni vyombo gani vinapotea na vipi vinabaki. Utajifunza zaidi kuhusu uwiano wa okestra kwa dakika kumi hizo kuliko kwa kusoma jibu langu hili.

Masikio yakishapumzika, fanya hivi. Keti nyumbani usiku watu wamelala, sauti ya simu ikiwa chini ya nusu. Piga Blumine kwanza, ni fupi. Utasikia tarumbeta moja ikiimba peke yake juu ya nyuzi zinazonong'ona. Kisha, bila kusimama, piga mwanzo wa Rott. Uniandikie umesikia nini, na uniandikie daktari amesema nini.